Mama Kadi na Kisanduku cha Imekwisha

Kama umewahi kukaa chumba kimoja na watoto tisa, kila mmoja na dunia yake, utaelewa kwa nini Mama Kadi hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alishang'atwa, alishamwagiwa rangi kichwani, na siku moja alifungiwa stoo na mwanafunzi aliyependa kufunga milango. Alipofunguliwa alijipangusa vumbi akaendelea na somo la kuhesabu vifuniko vya chupa. Basi mtu wa namna hiyo ukimwona anaogopa kutia mkono kwenye boksi la viatu, jua kuna jambo.

Jina la Mama Kadi alipewa na walimu wenzake kwa kumtania, si kwamba alikuwa na mtoto aitwaye Kadi. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye safu ya madarasa, zamani stoo ya madawati mabovu. Alipelekwa pale kushikilia muhula mmoja tu, hadi apatikane mwalimu mwenye fani yake. Huyo mwenye fani hakupatikana, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Alijifunza kwa kozi za likizo na kwa kukosea, akagundua kwamba mtoto asiyesema anaweza kusoma picha, na mtoto anayejua kinachofuata hapigi kelele. Kwa hiyo akaanza kupiga picha kila kitu: bomba, choo, mkeka, sahani, geti. Alizichapa, akazibandika kwenye kadi ngumu, akazivika plastiki, nyuma akatia kipande cha kunata. Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa akimkatia vile vipande, huku akilalamika kwamba anafanya kazi ya serikali bila kuajiriwa.

Kila asubuhi kadi zilipangwa ukutani kutoka juu kwenda chini: kunawa, kuhesabu, kula, kucheza, nyumbani. Jambo likiisha, mtoto anabandua kadi, anaitumbukiza kwenye boksi la viatu lililovikwa kitambaa cha kijani, kisha anapangusa viganja vyake, pa, pa. Imekwisha. Jioni Mama Kadi alilifungua, akazitoa kadi zote na kuzipanga kwa ajili ya kesho. Ukuta wa pili ulikuwa wa watu. Hapo zilikaa picha za kila mtu ambaye watoto wangemwona siku hiyo: mlinzi, mpishi, Mwalimu Mkuu, Mama Kadi mwenyewe, na wanafunzi wote tisa.

Miongoni mwa hao tisa alikuwamo msichana wa miaka kumi na mmoja, Chiriku. Jina hilo alipewa na bibi yake mzaa baba, kwa utani wa bibi na mjukuu, maana chiriku ni ndege wa kelele na mtoto huyu hajawahi kutamka neno. Hakukutazama usoni. Alikutazama mikono, miguu, namna unavyoshika kitasa. Mama Kadi alimpenda, na tusifichane, alimpenda kuliko wengine. Kila asubuhi alichuchumaa mlangoni, magoti yakilia kama bawaba, akafungua kiganja, na Chiriku akakigonga kwa kidole kimoja. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, na iliwachukua mwaka mzima kuipata.

Kisha bibi akafariki. Sasa wewe niambie, utamwelezaje kifo mtoto asiyeshika maneno? Bibi ndiye aliyekuwa akija kumchukua kila siku, na baada ya mazishi akaanza kuja shangazi, muuza nguo sokoni, mama mwenye moyo mzuri na muda mchache. Chiriku hakumtaka. Alikaa chini kwenye geti akimsubiri bibi, na akishikwa mkono alipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Wiki mbili mfululizo. Shangazi alilia, mlinzi alilia, hata Mwalimu Mkuu alitoka ofisini akasimama na mikono mfukoni.

Siku ya kumi na moja Mama Kadi akapata wazo, na wakati ule aliliona zuri. Alichukua picha ya bibi kutoka ukuta wa watu, akamshika Chiriku mkono, wakaenda wote mpaka kwenye kisanduku. Wakaitumbukiza. Akampangusisha viganja, pa, pa. Chiriku alilitazama tundu lile kwa muda mrefu. Halafu akainuka, akaenda getini, akampa shangazi mkono, wakaondoka kimya.

Loo, alivyosifiwa! Mwalimu Mkuu alimtaja mkutanoni, na kwenye semina ya likizo Mama Kadi alisimama mbele ya walimu wa shule nyingine akaeleza, nao wakaandika. Picha ya bibi ikabaki chini kabisa ya kisanduku, nyingine zote zikitoka jioni na hiyo ikibaki. Hakuna aliyejiuliza mtoto amejifunza nini hasa.

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja Chiriku aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa watu, akabandua picha ya mlinzi, akaitia kisandukuni. Pa, pa. Mama Kadi alicheka, akamwonyesha mlinzi dirishani, mzima na rungu lake, akairudisha picha. Kesho yake ikaingia tena. Kesho kutwa tena. Siku ya tisa mlinzi hakuonekana. Ufunguo wa geti ulikutwa umening'inizwa kwenye msumari, na kiti chake kimegeuzwa kutazama ukuta. Ndugu zake walisema ameondoka mjini, zaidi ya hapo hawakusema. Watu walisikitika, ikaishia hapo.

Baadaye ikawa zamu ya mpishi. Huyu alikuwa mtu wa mzaha, kitambi mbele, kijiko mfukoni. Alipoambiwa picha yake imetiwa kisandukuni alikuja mwenyewe mpaka mlangoni.

"We Chiriku," akasema, "unanimaliza na bado nina sufuria jikoni? Ngoja basi niwapakulie kwanza!"

Chiriku alimtazama mkono wa kulia. Akapangusa viganja, pa, pa, polepole, kama mtu anayempangusia mwenzake. Mpishi alicheka tena, lakini kicheko chake kiliishia njiani. Siku kumi na moja baadaye alianguka mbele ya jiko akiwa ameshika mwiko, na hakufika hospitali akiwa hai.

Basi hapo ndipo shule ilipopata la kusema. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama halipo laja. Walimu walianza kuja chumba cha mwisho mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake, na akitoka anatoka na picha yake. Wa hesabu alidai anahitaji picha kwa ajili ya kitambulisho. Karani wa shule hakujisumbua kutafuta uongo. Aliibandua akaikunja mara nne akaitia kwenye pochi. Mwalimu Mkuu aliagiza yake kwa mjumbe. Ndani ya wiki moja ukuta wa watu ukabaki na mapengo, vipande vya kunata vikiwa vimebaki peke yake, na Chiriku alisimama mbele ya mapengo yale kila asubuhi, akiyagusa moja baada ya jingine kwa kidole. Wazazi wawili waliwahamisha watoto wao. Ukipita varanda ile saa ya mapumziko ungedhani ni likizo, maana hata watoto wa madarasa mengine walizunguka nyuma ya vyoo wasipite pale.

Mwalimu Mkuu alimwita Mama Kadi ofisini.

"Mwalimu, mimi si mshirikina," alianza, na mtu akianza hivyo unajua anakokwenda. "Lakini nina wazazi mia nne nje. Niandikie ripoti. Sema mtoto hafundishiki, anahitaji mahali pengine."

"Mahali pengine ni wapi?"

"Hiyo si kazi yangu wala yako."

Mahali pengine hapakuwapo, na wote wawili walijua. Shule maalumu ya karibu ilikuwa imejaa. Shangazi aliposikia alisema ukweli wake bila kuupamba: "Mwalimu, mimi nikikaa nyumbani hatuli. Nitamfungia ndani nikienda sokoni, jioni nitamfungulia. Nifanye nini?" Chumba chenyewe Mama Kadi alikuwa amekiona. Kina dirisha moja, na dirisha limezibwa kwa bati.

Alikataa kuandika. Alikataa wiki ya kwanza, na ya pili. Lakini tuseme kweli, maana kumficha hakutamsaidia: naye alikuwa ameanza kuogopa. Tangu siku ya msiba wa mpishi hakuwa akimkaribia mtoto yule kama zamani. Mikono ya Chiriku iliponaswa na gundi, alimpa kitambaa ajifute mwenyewe. Akiwa anasahihisha daftari na kuhisi mtu nyuma yake, nywele zilimsimama. Wiki ya tatu, Alhamisi mchana, aliketi kwenye meza ya kukatia nguo ya mumewe akaandika mistari sita. Hafundishiki. Akasaini. Hakumwambia mtu, akaipeleka ofisini ndani ya bahasha iliyogundishwa.

Ijumaa asubuhi alipofungua darasa na watoto wakaingia, Chiriku alikwenda ukutani, akabandua picha ya Mama Kadi, akaitia kisandukuni. Pa, pa.

Mama Kadi aliitoa palepale, akairudisha ukutani mbele ya macho ya mtoto. Jumatatu ikaingia tena. Jumanne tena. Mtoto hakuwa na hasira wala furaha; alikuwa kama karani anayepiga muhuri. Jumatano Mama Kadi hakuitoa. Na siyo hiyo tu: hakuweza tena kutia mkono kwenye kisanduku kile. Kadi za siku zilipokuwa zimejaa ndani, badala ya kuzitoa alikwenda akachapa nyingine. Mama Kadi huyo! Kila jioni alichapa, akavika plastiki, akabandika, na kisanduku kikaendelea kujaa.

Alikwenda hospitali. Wakampima damu, sukari, presha, moyo. Daktari akamwambia yuko buheri wa afya, labda apunguze chumvi. Siku ya tisa ikapita, akakumbuka mlinzi. Siku ya kumi, mumewe akamkuta amekaa mbele ya kabati anakunja nguo zake na kuzigawa mafungu.

"Mama, unasafiri?"

"Nazipanga tu."

"Hili fungu la dada yako, hili la binti yetu. Mtu hapangi nguo hivyo." Alikaa chini karibu naye, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Nieleze."

Akamweleza yote, mpaka ile barua.

"Mimi mteja akiniambia suruali inabana, siulizi suruali ina uchawi gani," alisema mumewe. "Narudi kwenye daftari la vipimo. Wewe huna daftari?"

Alikuwa nalo. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo: mtoto akifanya jambo usilolielewa, huandiki kwamba amechafukwa wala ana jini, unaandika safu tatu, nini kilitokea kabla, mtoto alifanya nini, nini kikafuata. Kwa miaka sasa alikuwa akiwafundisha hivyo walimu wa mazoezi. Na katika jambo hili, ambalo lilikuwa kubwa kuliko yote, hakurudi kulisoma hata mara moja.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumatatu. Aliwahi shuleni kabla ya watoto, akaketi sakafuni, akafungua daftari. Akaitafuta siku ya mlinzi. Safu ya kwanza, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Mlinzi hakugonga geti.* Ndiyo, mlinzi alikuwa na kawaida ya kugonga geti mara mbili kwa rungu Chiriku akipita, na kuanzia asubuhi ile hakugonga tena. Mtu aliyekwisha kuondoka moyoni kabla ya miguu. Akatafuta ya mpishi: *Kikombe mkono wa kushoto.* Mpishi alikuwa akimwekea Chiriku kikombe chenye mkono ukielekea kulia, kila siku, maana mtoto hakinywei vinginevyo. Siku ile kiliwekwa kinyume, na kesho yake pia. Bila shaka mkono wa kulia wa mpishi ulikuwa umeanza kufa ganzi na yeye mwenyewe hajamwambia mtu. Mtoto aliona. Kwake yeye mtu ni yale anayoyatenda, na mtu akiacha kuyatenda amekwisha, kama bibi alivyoacha kuja getini.

Nani alimfundisha hivyo? Mama Kadi alijua ni nani.

Akafungua ukurasa wa Ijumaa yake. Haukuwa na kitu. Alirudi nyuma, kurasa zote tangu msiba wa mpishi zilikuwa tupu. Hapo akakumbuka jambo ambalo hakuhitaji kuliandika: asubuhi zote hizo, alipokuwa akiwapokea watoto, alisimama nyuma ya meza. Hakuchuchumaa hata siku moja. Chiriku aliingia, akatazama mahali ambapo kiganja kilikuwa kikikaa, hakikuwapo, akasubiri siku moja baada ya nyingine. Mtoto alimvumilia zaidi ya wiki tatu nzima.

Alikivuta kisanduku akakimimina sakafuni. Kadi zikamwagika rundo, bomba juu ya bomba, sahani juu ya sahani. Picha yake ilikuwamo. Ya mpishi, ya mlinzi, ya bibi. Na chini ya ya kwake, imelala uso juu, kulikuwa na picha nyingine ambayo hakuitarajia. Ilikuwa ya Chiriku.

Aligeuka akatazama ukuta wa watu. Kati ya mapengo yote yale, pengo la mtoto lilikuwapo pia, na yeye, mwalimu wake, alikuwa amelipita kila siku bila kuliona. Hakuna anayemgongea geti. Hakuna anayemwekea kikombe. Watu wanazunguka nyuma ya vyoo wasikutane naye. Mtoto alikuwa amejipima kwa kipimo kilekile, akajikuta amekwisha, akajitia mwenyewe. Mama Kadi alilia pale sakafuni kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Mkutano aliouitisha Mwalimu Mkuu kuhusu Chiriku ulikuwa saa nne siku hiyohiyo. Walikuwapo Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wachache, na shangazi kwenye kiti cha mwisho na mkoba magotini. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini Mama Kadi alisimama.

"Ile ripoti ni yangu, na ni ya uongo," alisema. "Niliandika kwa woga. Mtoto huyu anafundishika kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Nilimfundisha mara moja tu kwamba mtu anaweza kutiwa kwenye boksi, akashika. Mliponipigia makofi kwa lile jambo la bibi yake, mlipigia kosa."

Karani akadakia, "Na mpishi je?"

"Mpishi alikuwa mgonjwa mbele ya macho yetu sote. Aliyemtazama ni mmoja."

"Na wewe?" aliuliza wa hesabu, sauti ndogo. "Si na wewe umetiwa?"

"Nimetiwa. Leo ni siku ya kumi na moja, kama unahesabu, na naona unahesabu." Mtu mmoja alicheka, akajizuia. "Sikutiwa kwa sababu nitakufa. Nilitiwa kwa sababu nilimwacha."

Mwalimu Mkuu alisema maji yakimwagika hayazoleki, barua imeshakwenda juu. Mama Kadi akasema atakwenda juu naye aifuate, na wakimuuliza atawaeleza aliyoyaeleza hapa, kazi wakitaka waichukue. Wakabishana. Mwishowe ikakubaliwa: mtoto abaki, na likitokea lolote, ni juu ya shingo ya Mama Kadi. Shangazi alitoka nje bila kuaga mtu, akaegemea nguzo ya varanda, akajifuta uso kwa kanga, akawahi sokoni.

Kesho yake Mama Kadi alichuchumaa mlangoni, kiganja wazi. Chiriku alipita bila kukitazama. Siku ya pili alipita. Siku ya tatu alisimama, akatazama kiganja kama mtu anayetazama kitu cha marehemu kilichosahaulika, akapita. Wiki ikaisha, nyingine ikaanza. Picha zote mbili, yake na ya Chiriku, alikuwa amezirudisha kisandukuni kama alivyozikuta. Hakuzibandika ukutani kwa mkono wake. Alishamwekea mtoto maneno mdomoni mara moja, ikatosha.

Jumatano ya wiki ya tatu, Chiriku alisimama mbele yake na kugonga kiganja kwa kidole, mara moja, kwa wepesi. Mama Kadi hakupumua. Mtoto alikwenda kwenye kisanduku, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akapekua. Akatoa picha yake mwenyewe. Aliifuta kwenye sketi, akaibandika mahali pake, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikashika.

Mama Kadi alisubiri. Magoti yalikuwa yanamuuma, na wenzake wawili walikuwa wamesimama dirishani wakitazama. Chiriku alirudi kwenye kisanduku, akachungulia tundu, akamtazama mwalimu wake mikono, kisha miguu. Halafu akapangusa viganja vyake, pa, pa, polepole, bila ubaya wowote, akaenda kukaa kwenye mkeka.

Mama Kadi hakuogopa tena kufa. Aliogopa kwamba mtoto hakukosea, kwamba yule mwalimu wa zamani amekwisha kweli. Aliinuka kwa kushika fremu ya mlango, akawapokea wengine waliokuwa wakingoja nyuma, akaanza somo la kuhesabu. Mpaka leo ukienda utamkuta saa moja na nusu asubuhi amechuchumaa pale mlangoni, na ukutani mahali pa picha yake bado pako wazi.